Picha za Mikorosho Zilizotoweka: Uchambuzi wa Kisa cha Kundi Moja la Wakulima Mkoani Mtwara

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika moja ya wilaya za Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Majina ya kijiji, ya kundi, ya watu waliohusika na ya huduma ya mtandaoni iliyotumika yameondolewa, lakini mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa. Nilikifahamu nilipoitwa kusaidia kazi ya kurejesha picha, na nilikifuatilia hadi mpango mpya ulipopitishwa na kupita msimu mzima ukiwa unatumika.

Kundi lina wakulima wa korosho wapatao arobaini, wengi wao wanachama wa chama kimoja cha msingi cha ushirika. Bwana shamba anayewahudumia ana vijiji vingine kadhaa na pikipiki moja, na kipindi wanachomhitaji zaidi, kati ya Juni na Septemba mikorosho inapochanua, ndicho kipindi ambacho kila kijiji kinamwita kwa wakati mmoja. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe, hushambulia sehemu laini za mti, yaani majani machanga, maua na mabibo machanga, na salfa ya unga hufaa zaidi ikipulizwa mapema, kabla ukungu haujatanda. Mkulima akingoja wiki mbili hadi bwana shamba afike, anaweza kukuta maua aliyoyategemea yamekwisha kukauka. Kwa hiyo wakulima walianza kumtumia picha kwa simu, naye akaanza kutoa ushauri kwa kuzitazama.

Jambo lililofanya picha hizo ziwe na thamani kubwa ni kwamba magonjwa na wadudu wa mkorosho hufanana machoni mwa asiyezoea. Chipukizi lililofyonzwa na mdudu aitwaye mbu wa mikorosho huweka mabaka meusi kisha likakauka. Blaiti, ambayo ni ugonjwa wa ukungu, nayo huanza kama madoa madogo kwenye majani machanga, yakapanuka hadi jani likaonekana kama limebabuka. Chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, huweza kufuatia baada ya jeraha la mdudu na kuchafua dalili za mwanzo. Mkulima anayeangalia kwa mbali huona kitu kimoja tu, chipukizi jeusi. Lakini salfa hudhibiti ubwiriunga na haimwondoi mbu, na kiuatilifu cha wadudu hakigusi ukungu. Anayekosea kutambua hununua dawa isiyohusika, hulipa mpulizaji, na tatizo hubaki palepale mtini.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mtoto wa mmoja wa wakulima hao, ambaye hapa nitamwita Mratibu, alipendekeza majibu ya bwana shamba yasiachwe yapotee ndani ya mazungumzo ya simu. Alitengeneza daftari la pamoja mtandaoni, kurasa rahisi ambazo kila tukio lilikuwa na sehemu yake: tarehe, kitongoji, umri wa mti, dalili, ushauri uliotolewa, na baadaye matokeo. Huduma ya bure iliyobeba kurasa hizo ilitoa nafasi ndogo sana ya mafaili, hivyo picha zilipelekwa kwingine, kwenye huduma ya bure ya kuhifadhi picha ambayo haikudai hata akaunti. Mtu alichagua picha kwenye simu, akaipakia, akapewa kiungo, kisha Mratibu akakibandika kiungo hicho kwenye ukurasa na picha ikaonekana hapo kana kwamba imo ndani yake.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, na inafaa zielezwe kwa haki. Hapakuwa na fedha. Wakulima wengi hutumia bando dogo la siku, na huduma ile ilipakia picha haraka hata mawimbi yalipokuwa hafifu. Hapakuwa na neno la siri la kusahau. Zaidi ya hayo, kiungo kilekile kiliweza kutumwa kwenye kundi la WhatsApp na kufunguliwa na yeyote. Kwa msimu mzima wa kwanza mpango ulifanya kazi bila kasoro iliyoonekana.

Mfuatano wa matukio

Maua yalipokwisha na uvunaji kuanza, daftari lilisahauliwa. Kuanzia Oktoba watu hushughulika na kuokota, kukausha, kupeleka ghalani na kufuatilia minada, na hakuna anayefungua ukurasa wa ubwiriunga mwezi wa Desemba. Hali ilibaki hivyo hadi mikorosho ilipoanza kuchipua tena.

Mwanzoni mwa msimu wa pili, mzee mmoja alimpigia bwana shamba kuhusu chipukizi zilizoanza kukauka kwenye mikorosho yake michanga. Bwana shamba alikumbuka kwamba tukio la namna hiyo lilikuwa limeandikwa mwaka uliotangulia, akamwelekeza kwenye ukurasa wake. Mazungumzo yao, kama walivyonisimulia wote wawili, yalikuwa mafupi.

“Mzee, shikamoo. Umeiona ile picha ya mwaka jana, ya chipukizi zenye mabaka?”

“Marahaba, mwanangu. Nimefungua, naona kijivu tupu. Nadhani ni bando langu.”

Maelezo hayo ya bando yalichelewesha ugunduzi kwa wiki kadhaa. Mahali pa kila picha iliyokosekana palionekana kisanduku cha kijivu chenye alama ya ile huduma, na kwa kuwa baadhi ya wakulima huzima picha kwenye vivinjari vyao ili kuokoa bando, kila mmoja aliamini kwamba tatizo ni la simu yake. Aidha, picha zilizokuwa kwenye ukurasa wa mbele wa daftari zilifunguka vizuri, jambo lililowahakikishia kwamba huduma ipo hai. Ni Mratibu aliyekaa jioni moja na kompyuta mpakato, akafungua kurasa za ndani moja baada ya nyingine, akakuta kwamba sehemu kubwa ya picha za msimu wa kwanza hazipo.

Jambo la kwanza lililofikiriwa lilikuwa kufuta viungo vilivyokufa ili kurasa zionekane safi. Kwa bahati nzuri halikutekelezwa. Mratibu aliuliza kwanza, na ushauri aliopewa ulikuwa asiguse chochote, kwa sababu anwani ya picha iliyokufa ni ushahidi: inaonyesha kwamba picha ilikuwepo, ilikaa mahali gani katika maandishi, na wakati mwingine hubeba sehemu ya jina la faili la asili.

Wakati huohuo tukio la pili lilizidisha uzito wa jambo. Mkulima mwingine, akitaka kusaidia, alichukua kutoka simuni mwake picha aliyodhani ni ya mbu wa mikorosho, akaituma kwenye kundi kama mbadala wa ile iliyopotea. Ilikuwa picha ya blaiti. Wakulima wawili walikwisha kupanga kununua kiuatilifu cha wadudu kabla bwana shamba hajaiona na kusahihisha. Kuanzia hapo kazi ya kurejesha ilichukuliwa kwa uangalifu zaidi, kwa maana picha isiyo yake, ikiwekwa juu ya maelezo sahihi, hupotosha kuliko ukurasa usio na picha kabisa.

Kwa nini picha zilitoweka

Huduma ile haikuvunja ahadi yoyote. Masharti yake yalisema kwamba faili lililopakiwa bila akaunti, likipita miezi kadhaa bila kufunguliwa na mtu yeyote, linaweza kuondolewa. Kwa picha za harusi au za mpira sharti hilo halina uzito, kwa kuwa hutazamwa sana siku za mwanzo na baadaye hazihitajiki tena. Picha za kilimo huenda kwa mwendo tofauti kabisa. Picha ya ubwiriunga hutazamwa sana kwa miezi minne, huachwa kwa miezi minane, kisha huhitajika upya kwa dharura. Katika miezi hiyo minane ndipo mitambo ya huduma ilipohesabu ukimya na kufuta. Picha za ukurasa wa mbele zilisalimika kwa sababu moja tu: kila aliyefungua daftari kwa shughuli nyingine yoyote, kwa mfano kutazama bei za mnada, alizipakua bila kujua, na huduma ikahesabu kwamba zimetazamwa.

Hapa inabidi kueleza jinsi kiungo kinavyofanya kazi, kwa sababu wanakikundi wengi waliamini kwamba picha ilikuwa ndani ya daftari. Ukurasa wenye kiungo haubebi picha; unabeba anwani tu. Msomaji anapoufungua, kivinjari chake husoma anwani hiyo, kikaenda chenyewe kwenye seva, yaani kompyuta, ya huduma ya picha, kikachukua faili na kulionyesha mahali palipopangwa. Mwenye ukurasa hana chochote mkononi. Ni kama kupeleka gunia ghalani ukarudi nyumbani bila stakabadhi: korosho utaziona kila ukipita, lakini siku zikihamishwa huna cha kudai.

Upande wa pili ni gharama. Kila picha inaposafiri kutoka kwenye seva, mwenye seva hulipia usafirishaji huo, na anayeitazama kwenye ukurasa wa mtu mwingine haoni matangazo ambayo huduma hiyo hutegemea kwa mapato. Kwa hiyo huduma ya bure inayoruhusu picha kuonyeshwa kwingine hupata hasara inayokua kadiri inavyopendwa, na historia inaonyesha mwisho wake. Mwishoni mwa Juni 2017 Photobucket ilibadilisha masharti, ikataka dola 399.99 za Marekani kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye kurasa za nje, na miongozo isiyohesabika ya mafundi, wapanda bustani na wakusanyaji duniani kote ikabaki na visanduku vitupu. TinyPic ilifungwa mwaka 2019. Flickr, iliyoanza mwaka 2004, ilitangaza Novemba 2018 kwamba akaunti za bure zitakomea picha 1,000. Google Photos ilisitisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, ikabaki na gigabaiti 15 zinazogawanywa pamoja na barua pepe na mafaili mengine. Mei 2023 Imgur ilianza kuondoa picha za zamani zisizotumika ambazo hazikufungamana na akaunti yoyote. Huduma iliyotumiwa na kundi letu haimo kati ya hizi, lakini njia iliyopita ni ileile.

Maamuzi ya kurejesha

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutafuta nakala za asili kabla ya kutafuta nakala zilizosambaa. Wakulima waliombwa kuleta simu zao, pamoja na zile za zamani zilizowekwa kabatini, na memori kadi walizokuwa wamezitoa. Hifadhi ya umma ya kurasa za intaneti, Wayback Machine, nayo ilitazamwa. Ilikuwa imehifadhi maandishi ya kurasa chache za daftari, ila picha ilikuwa imezikosa karibu zote, kwa kuwa zilikaa kwenye seva nyingine.

Uamuzi wa pili ulihusu ubora, nao ndio uliozua mjadala mrefu. Picha nyingi zilipatikana ndani ya folda za WhatsApp, zikiwa zimebanwa. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 4,000 kwa 3,000. Ikitumwa kama picha kwa ubora wa kawaida, upande wake mrefu hupunguzwa hadi takriban pikseli 1,600, na hapo hubaki chini ya moja ya sita ya pikseli zote. Kisha faili la JPEG hubanwa kwa kugawanya picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kwanza mabadiliko madogomadogo ndani ya kila kigae. Kwa sura ya mtu hasara hiyo haionekani. Kwa ubwiriunga wa mwanzo inaonekana sana, kwa sababu dalili yenyewe ni unga mwembamba mweupe juu ya vichomozo vya maua.

Tulikaa na bwana shamba tukaziweka picha mbili za kikonyo kilekile sambamba kwenye skrini. Katika nakala ya asili, iliyotoka kwenye memori kadi, ungeweza kuona unga umekaa kwenye mikunjo ya machipukizi ya maua, ukiwa mzito zaidi chini ya kila kitawi, na kati yake maua mawili matatu yaliyobaki na rangi ya kijani. Katika nakala iliyopita kwenye makundi matatu, unga na mwanga wa jua vilikuwa vimechanganyika kuwa doa moja jeupe, na pale palipokuwa na kijani palionekana rangi ya udongo. Bwana shamba alisema kwamba kwa picha ya pili asingethubutu kutoa ushauri. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba nakala iliyobanwa itakubaliwa kwa dalili kubwa, kama chipukizi lililokauka au jani lenye madoa makubwa, ila haitakubaliwa kamwe kwa ubwiriunga wa hatua ya mwanzo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kuoanisha picha na maandishi yake. Baada ya kisa cha blaiti, kundi liliweka sharti kwamba picha isirudishwe mahali pake bila thibitisho mbili zinazojitegemea, kwa mfano tarehe ya faili pamoja na kumbukumbu ya mkulima mwenyewe, au ujumbe wa simu wa siku ile pamoja na umbo la tawi linalolingana na maelezo. Tarehe zilihitaji tahadhari ya pekee. Faili lenye jina la mfano wa IMG-20220714-WA0003 huonyesha siku ambayo picha ilipita WhatsApp, wala si siku iliyopigwa. Picha ya Juni iliyosambazwa tena Septemba hubeba tarehe ya Septemba. Na kwa kuwa WhatsApp huondoa taarifa za ndani ya picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, saa na tarehe halisi za kamera hazikuwepo tena ndani ya nakala hizo. Picha kadhaa nzuri ziliachwa nje kwa sharti hili, na wenye picha hawakufurahi. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi.

Maamuzi kuhusu mpango mpya

Kanuni iliyopitishwa ni kwamba picha ya asili ikae mikononi mwa kundi, na kinachowekwa mtandaoni kiwe nakala tu. Mkulima akipiga picha anayotaka iingie daftarini, huituma kwa Mratibu kama faili la hati, ambalo halibanwi. Mratibu huihifadhi kwenye diski ya nje inayokaa ofisini kwa chama cha msingi, na nakala ya pili huwekwa kwenye akaunti ya hifadhi ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa jina la kundi, si kwa barua pepe ya mtu binafsi, watu wawili wakiwa na neno la siri.

Nakala ya kuonyeshwa hupunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600, nayo hukaa kwenye seva ileile inayobeba kurasa za daftari. Kundi lilikubali kulipia nafasi hiyo kwa mwaka. Chini ya kila picha ya jumla huwekwa kipande kidogo kilichokatwa kutoka katika picha ya asili bila kupunguzwa, kinachoonyesha dalili tu. Kipande cha namna hiyo ni chepesi kwa bando, na kwa utambuzi kina manufaa kuliko picha nzima kubwa. Picha za simu za iPhone, ambazo tangu mwaka 2017 hupigwa kwa muundo wa HEIC usiofunguka kwenye vivinjari vingi, hubadilishwa kuwa JPEG kabla ya kupakiwa.

Suala la mahali lilikuwa gumu zaidi. Picha ya simu yenye huduma ya mahali iliyowashwa hubeba ndani yake latitudo na longitudo za pale ilipopigwa. Bwana shamba alizitaka, kwa sababu zingemsaidia kuona ugonjwa unavyotembea kutoka kitongoji hadi kitongoji. Mama mmoja, mjane mwenye shamba lililo mbali na makazi, alipinga waziwazi. Alisema kwamba mwezi wa kumi korosho zinapoanguka, kumwambia ulimwengu shamba lake liko wapi na lina mazao kiasi gani ni kumwita mwizi, na hakuna aliyembishia. Iliamuliwa kwamba nakala za asili zibaki na taarifa hizo, zikiangaliwa na bwana shamba na Mratibu peke yao, na nakala za kuonyeshwa ziondolewe taarifa zote, zikitaja kitongoji tu.

Wakati huohuo ziliondolewa picha chache zilizoonyesha sura za watoto wakiokota korosho, zilizokuwa zimewekwa bila ya wazazi kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ilitajwa katika kikao hicho, lakini kwa maoni yangu hata kabla ya sheria jambo lile halikuwa na sababu: ili kueleza ugonjwa wa jani, sura ya mtoto haihitajiki.

Matokeo

Karibu theluthi mbili za picha zilizopotea zilipatikana kwa namna moja au nyingine, na zaidi kidogo ya nusu ya hizo zilikuwa na ubora na uthibitisho wa kutosha kurudishwa daftarini. Zilizobaki ziliandikiwa maelezo mahali pake kwamba picha ilikuwepo na haikupatikana. Msimu uliofuata mzee yule wa chipukizi zilizokauka alikuwa miongoni mwa waliopeleka picha nyingi, zote kama faili la hati.

Mambo mawili hayakwenda vizuri. Utaratibu wa kuyapa mafaili majina, yaani tarehe, namba ya shina na sehemu ya mti, ulifuatwa hadi mwisho wa Agosti na kuachwa uvunaji ulipokaribia. Mafaili ya Septemba yaliingia kwenye diski na majina ya kamera. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwezi Aprili daftari zima lilizimika kwa siku kadhaa, maandishi na picha, kwa sababu malipo ya mwaka hayakupita. Mweka hazina alikuwa amelipa mara ya kwanza kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu; kadi ilikuwa imekwisha muda, barua pepe za kukumbusha zilikwenda kwenye anwani isiyofunguliwa na mtu, na hata zingesomwa, Aprili ni mwezi ambao fedha za korosho zimekwisha kwenye nyumba nyingi. Daftari lilirudishwa kwa mchango wa dharura. Hakuna picha iliyopotea mara hii, kwa kuwa za asili zilikuwa ofisini.

Uchambuzi

Kilichookoa daftari zaidi ya kitu kingine chochote ni maandishi. Bwana shamba alikuwa na tabia ya kueleza kwa maneno kile alichokiona: “mabaka meusi marefu kwenye ngozi ya chipukizi, jani la chini yake halina doa, hakuna unga”. Matukio yaliyoandikwa hivyo yaliendelea kusomeka na kufundisha hata picha zilipotoweka, na ndiyo yaliyowezesha kuoanisha picha zilizopatikana. Matukio yaliyoandikwa na watu wengine kwa ufupi, “tazama picha hapo chini, dawa ni hii”, yalikufa pamoja na viungo vyake, na baadhi hayakuweza kufufuliwa hata picha ilipopatikana, kwa sababu hapakuwa na namna ya kujua kama ndiyo yenyewe. Kama ningetakiwa kubakiza kanuni moja tu kati ya zote zilizopitishwa, ningebakiza hii ya kueleza kwa maneno, ambayo haigharimu chochote na haitegemei seva ya mtu.

Sharti la thibitisho mbili lilipunguza idadi ya picha, na mtu anayepima mafanikio kwa wingi ataliona kama kasoro. Lakini daftari hili linaongoza ununuzi wa dawa. Ukurasa wa mbu wa mikorosho wenye picha ya blaiti ungeendelea kutoa ushauri mbaya mwaka hadi mwaka, kwa sura ya uhakika.

Chaguo la mwanzo la huduma ya bure nisingeliita kosa. Bila huduma ile daftari lisingeanza, kwa kuwa hakuna mkulima ambaye angechangia fedha kwa kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Kilichokosekana ni hatua ndogo pembeni yake: kubakiza faili la asili kabla ya kubandika kiungo, na mtu mmoja kusoma masharti akiwa na kalenda ya kilimo kichwani. Sharti la miezi kadhaa bila kutazamwa linaonekana jepesi kwa mtu wa mjini. Anayejua kwamba maua ya mkorosho huja mara moja kwa mwaka angeona hatari yake tangu siku ya kwanza.

Kuhamisha picha kwenye seva ya kulipia kuliondoa hatari ya kufutwa kwa ukimya na kuleta ile ya ada kutolipwa. Hatari hiyo ya pili ni afadhali, kwa sababu ina tarehe inayojulikana na inaweza kupangiwa. Ila mpango wa kwanza wa malipo ulifuata tarehe ya kujiandikisha badala ya kufuata mwendo wa fedha za wakulima. Sasa ada hulipwa Novemba, wakulima wanapokuwa wamepokea malipo ya minada ya kwanza, na tarehe ya kuhuisha imeandikwa kwenye kitabu cha mihutasari cha chama cha msingi pamoja na jina la anayewajibika. Barua pepe ya kundi husomwa na watu wawili, na mmoja wao akimaliza muda wake wa uongozi, neno la siri hubadilishwa na kukabidhiwa mrithi wake katika kikao hichohicho.